Kwa nini Tekken 4 ilituvunja moyo sisi wa Tekken 3 (jibu refu)

Mkuu, umesema umeishusha Tekken 4, gemu la mapigano ya ana kwa ana, hivi karibuni, umeicheza kwa siku kadhaa, umeipenda kwa sura, muziki na hadithi, na hujaelewa kwa nini kila ikitajwa humu sisi tuliokulia Tekken 3 tunakunja uso. Ukauliza kama ni mapenzi ya utotoni tu yanayotufanya tuone cha zamani ndiyo bora. Naomba nijibu kwa urefu, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi na majibu mengi ninayoyaona huishia kwenye "ilikuwa mbovu" bila kusema ubovu ulikuwa wapi.

Nianze na pale ulipo sahihi, kwa sababu ni sehemu kubwa. Tekken 4 ni nzuri kuitazama hata leo. Ilitoka kwenye mashine za kumbini (zile za kulipia kwenye kumbi za gemu) mwaka 2001, ikaingia PlayStation 2 mwaka 2002, na ukiiweka pembeni ya Tekken 3 ya PlayStation 1 unaona ngozi za watu, mikunjo ya nguo na vivuli ambavyo miaka michache nyuma havikuwezekana. Hadithi ndiyo kabisa. Kila mpiganaji amepewa simulizi yake, sauti inasoma taratibu huku picha za kuchorwa zikipita, na simulizi zenyewe zina uzito. Jin Kazama amejificha Brisbane, Australia, anajifunza karate upya ili afute mwilini mwake kila alichofundishwa na babu yake Heihachi, mtu aliyempiga risasi. Craig Marduk amemuua Armor King, rafiki wa mpiganaji King, kwenye ugomvi wa baa, na King anatumia fedha zake kumtoa jela ili ampate ulingoni alipize kisasi. Steve Fox, bondia wa Uingereza, hajui kwamba mama yake mzazi ni Nina Williams. Heihachi ameweka kampuni yake nzima, Mishima Zaibatsu, iwe zawadi ya mshindi, kusudi mwanawe Kazuya ajitokeze. Hakuna Tekken nyingine iliyonifanya niwaonee huruma wapiganaji namna ile.

Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba walioitengeneza walilala usingizi. Walijituma, na walikuwa na ujasiri wa kubadilisha mambo ambayo wangeweza kuyaacha yalivyo na bado gemu likauzika. Uchungu wetu unaanzia hapo hapo kwenye mabadiliko.

Sasa wengi humu husema wapenzi wa Tekken hawataki mabadiliko. Hapana, hiyo si kweli, na ushahidi ni Tekken 3 yenyewe. Tekken 3 ilipotoka mwaka 1997 kumbini na mwaka 1998 kwenye PlayStation ilikuwa imebadilisha karibu kila kitu cha Tekken 2. Hadithi iliruka miaka 19 mbele. Kazuya hakuwepo, nafasi yake ikachukuliwa na mwanawe Jin. Michelle akaondoka, akaja Julia. Marshall Law akaondoka, akaja mwanawe Forest. Hata King aliyekuwemo hakuwa yule wa kwanza, alikuwa mtu mwingine aliyevaa barakoa ileile ya chui. Wakaingia Hwoarang, Xiaoyu, Bryan Fury na Eddy Gordo, watu ambao hatujawahi kuwaona. Kule kuruka juu kama mtu yuko mwezini, kwa Tekken 2, kukapunguzwa. Na kikubwa kuliko vyote, kila mpiganaji akapewa uwezo wa kupiga hatua ya pembeni. Hakuna aliyelia. Tulipokea kwa mikono miwili.

Tulipokea kwa sababu kila badiliko la Tekken 3 lilimwongezea jibu yule aliyebanwa. Mabadiliko ya Tekken 4 yalimpunguzia majibu. Hoja yangu yote ni hiyo, na yanayofuata ni maelezo yake.

Ili unielewe inabidi ujue tulikuwa tunachezea wapi. Mimi nilijifunza Tekken kwenye banda la gemu Ngamiani, Tanga. Televisheni za kioo kinene zimepangwa ukutani, PlayStation zimefunguliwa mfuniko maana CD za kuchoma zilikuwa hazisomi vizuri bila kukandamizwa kidogo, na pedi zimefutika alama. Unalipa kwa mechi, na sheria ilikuwa moja: aliyefungwa anatoka. Ukishinda unakaa, anayefuata analipa, mnaendelea. Kwa hiyo shilingi yako ilidumu kadiri ya ufundi wako. Mtoto mwenye hela ya mechi moja tu, akiwa mkali, angeweza kukalia kiti mchana kutwa. Na ukitoka ulitoka na swali moja kichwani: nimefungwa na nini? Ukikaa benchi unaangalia wengine, ndiyo ulikuwa muda wa kulijibu.

Tekken 3 ilikuwa inalijibu. Chukua Paul Phoenix na ile ngumi yake: chini, chini-mbele, mbele, pembetatu. Kila banda Afrika Mashariki nadhani lilikuwa na mtu aliyeishi kwa ngumi ile moja. Ikikupata inakula kipande cha uhai kinachotisha, na mgeni akikutana nayo anaona gemu lina dhuluma. Lakini ukikaa ukaitazama, unaona Paul anajirusha mbele kwa mstari ulionyooka. Ukigusa juu au chini mara moja, mtu wako anapiga hatua pembeni, Paul anapita na ngumi yake, na kwa kitambo kidogo ubavu wake wote uko wazi mbele yako. Hapo unamnyanyua, unampiga hewani, anashuka hana hamu. Kaka mmoja aliyekuwa fundi redio jirani na banda ndiye aliyenionesha hilo. Alinishika dole gumba akaniwekea kwenye kitufe akasema usibonye mapema, msubiri avute bega. Yule jamaa wa Paul niliyekuwa namwogopa, tangu siku ile nikawa namtafuta mwenyewe.

Umbo la pedi lenyewe lilikuwa linakufundisha. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Mtoto wa darasa la pili anaelewa. Ukikabwa na King, ukiwahi kitufe cha mkono unaofaa unajinasua. Ukiangushwa, ukiwahi unajiviringisha ukainuka kabla hujaongezewa. Kila ubaya uliofanyiwa ulikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe iko vidoleni mwako. Halafu uwanja. Uwanja wa Tekken 3 ni tambarare na hauna mwisho. Mandhari nyuma yanabadilika, lakini ardhi mnayosimama ni ileile kwako na kwangu, hakuna kona, hakuna mlima. Ukitaka kurudi nyuma, rudi mpaka uchoke.

Tekken Tag Tournament ikaja kumbini mwaka 1999 na PlayStation 2 mwaka 2000, ikatubebea haya yote mbele. Wapiganaji zaidi ya 30, waliokufa na walio hai, unachagua wawili unawapokezana. Hadithi haina, lakini hakuna aliyejali. Kutembea kwake kulikuwa kwepesi kuliko Tekken 3, na waliojua kurudi nyuma kwa kudonoa pedi walikuwa hawashikiki. Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo tukisubiri namba nne. Kwetu PlayStation 2 zilichelewa, mabandani zilianza kuonekana wakati wenzetu wameshaizoea, kwa hiyo Tekken 4 ilitufikia pamoja na sifa zake zote: picha za ajabu, kuta, vitu vinavyovunjika. Tulilipa mechi kwa furaha kabisa.

Kitu cha kwanza utakachokihisi, na hata wewe nadhani umekihisi bila kukipa jina, ni uzito wa miguu. Ukitoka kwenye Tag ukashika Tekken 4, mtu wako anatembea kama amevaa viatu vya mwingine. Kurudi nyuma kwa haraka kumepunguzwa makali. Yale mapigo ya hewani yenye mfululizo mrefu nayo yamepungua nafasi. Lengo lilikuwa kukufanya usimame upigane, uwaze umesimama wapi. Ndiyo maana hata kabla raundi ya kwanza haijaanza mnaruhusiwa kutembea, kila mmoja achague pa kuanzia. Kwenye karatasi ni wazo zuri sana. Mchezo wa nafasi.

Tatizo ni nafasi zenyewe. Viwanja vya Tekken 4 vimefungwa kila upande, na ardhi haiko sawa. Ufukweni kuna mteremko. Kwenye maegesho ya magari kuna nguzo. Shinjuku watu wamewazunguka. Pigo ulilojifunza likampata mtu kifuani, akiwa amesimama chini kidogo ya mteremko linampita au linamgusa vingine. Kombo (mfululizo wa mapigo) uliyoisugua ikakaa mikononi inakatika katikati kwa sababu ardhi imepanda. Mtu anayecheza nyumbani peke yake na hadithi nzuri hawezi kukasirikia hilo, ataona ni uhalisia. Lakini aliyelipa kwa mechi, ambaye akifungwa anatoka, anataka pigo lile lile lifanye kazi ile ile leo na kesho. Ni kama timu iliyozoea uwanja wa taifa ukaiambia fainali itachezwa kichochoroni kwenye mawe. Watacheza, na mmoja atashinda, lakini hutajua nani alikuwa bora.

Halafu ukuta. Naomba nikae hapa kidogo.

Mrudishe yule jamaa wa Paul. Sasa niko maegesho ya magari, amenisukuma, mgongo uko ukutani na nguzo iko ubavuni. Anavuta bega. Dole gumba langu linajua la kufanya, linagusa juu, mtu wangu anataka kwenda pembeni, nguzo inamzuia. Ngumi inampata. Haanguki mbali kama zamani, kwa sababu nyuma kuna ukuta: anabamizwa, anabaki amesimama amelegea, na Paul anaongeza nyingine. Nikikinga, bado niko palepale. Nikiruka, nadakwa. Nikirudi nyuma, nyuma hakuna. Majibu yote niliyofundishwa na Tekken 3 yalihitaji kitu kimoja, nafasi, na nafasi imeondolewa. Wachezaji wa mashindano waligundua hata mfululizo wa mapigo usiokwisha, mtu anapigwa ukutani mpaka uhai unaisha hajagusa pedi kwa maana yoyote.

Waliotengeneza walijua kuna hatari hiyo, ndiyo maana waliweka ule mshiko wa kubadilishana nafasi, unamkamata mwenzako unamzungusha aende upande wa ukuta. Wadau wengine humu hutaja mshiko huo kama utetezi. Mimi nasema angalia nani anaufaidi zaidi. Aliyebanwa ndiye mwenye nafasi finyu ya kuwahi kushika, na anayebana anaweza kuutumia ule ule kukurudisha ukutani ukishajitoa. Silaha iliyowekwa kumwokoa mnyonge ikawa ya wote, na mwenye nguvu siku zote ana muda mwingi zaidi wa kuitumia.

Pale bandani matokeo yalionekana haraka. Mashine ya Tekken 3 ilikuwa na makelele ya ubishi, mtu akifungwa anageuka kuuliza "hii unatokaje?" na wengine wanadakia. Mashine ya Tekken 4 ilikuwa na makelele ya lawama. Mtu akifungwa anasema ukuta, anatupa pedi, anatoka. Hakuna aliyeuliza anatokaje. Nilikuja kulielewa hilo baadaye kwamba ndiyo tofauti yenyewe: watu walikuwa hawajifunzi kutokana na kufungwa.

Na sasa Jin. Hapa naongea kwa uchungu kwa sababu Jin alikuwa mtu wangu.

Jin wa Tekken 3 alikuwa na damu mbili mikononi. Alikuwa na mapigo ya ukoo wa Mishima, ile ngumi ya kupanda ambayo lazima uguse mbele, uachie, chini, chini-mbele, na kitufe kwa wakati mmoja, na alikuwa na mapigo laini ya mama yake, Jun Kazama. Mtu aliyemjua Jin vizuri alikuwa amewekeza. Vidole vilikuwa na sugu. Tekken 4 ikaja na hadithi ile ya Brisbane, kwamba ameamua kuacha mapigo ya ukoo wake na kujifunza karate ya asili. Kama hadithi naiheshimu sana. Kama mchezaji niliyeketi na pedi, nilikuta mtu mwenye sura ya Jin na jina la Jin ambaye mapigo yake mengi niliyoyajua hayapo.

Ningevumilia. Nilivumilia Kazuya kutokuwepo kwenye Tekken 3. Kisichovumilika ni kwamba huyu Jin mpya alipewa nguvu zisizo na kipimo. Ana ule mfululizo wa ngumi tatu ambao ukiubonya kwa muda sahihi kabisa unakuwa mwepesi kiasi kwamba aliyekinga hana cha kumfanya, na aliyekosea kidogo anaadhibiwa nao kila mara. Anaweza kukinga pigo kwa kulipangua na kukurudishia. Ana mateke ya karibu, ana ya mbali, na akikuweka karibu na ukuta mambo yamekwisha. Uliza mtu yeyote aliyeicheza Tekken 4 kwa ushindani, popote duniani, mpiganaji aliyezidi ni nani. Watakutajia Jin kabla ya wengine wote, halafu ndipo watamtaja Steve.

Bandani kwetu ilifika mahali kiti kinakaliwa na Jin, anayekuja kukitaka anachagua Jin, na anayesubiri benchi naye ameshaamua Jin. Mimi niliyempenda Jin miaka yote nilianza kuona aibu kumchagua.

Steve nimtaje kwa wema, kwa sababu ndiye kitu bora kabisa walichoongeza. Ni bondia, kwa hiyo hana mateke. Ukibonya vitufe vya miguu anainama, anayumba, anapenya chini ya ngumi yako na kutokea upande wa pili na ya kwake. Mara ya kwanza kijana mmoja pale bandani alipomchagua, alibonya eksi na duara kwa fujo akidhani pedi imekufa, kumbe mtu anakwepa tu. Baada ya wiki chache kijana yuleyule alikuwa hashikwi. Hilo ndilo badiliko la aina ya Tekken 3: geni, linakushangaza, lakini linakupa kitu cha kufanya. Kama gemu zima lingefikiriwa kama Steve, nisingekuwa naandika haya.

Kuhusu wapiganaji waliokosekana sitakaa sana. Kutoka zaidi ya 30 wa Tag tulirudi kwenye takriban 20 ukitoa wale wanaogawana mapigo. Mokujin hayupo, Jack hayupo, Anna hayupo. Naelewa, kuchora watu upya kwa ubora ule ni kazi na hadithi haikuwahitaji wote. Lakini Eddy Gordo! Eddy ndiye aliyewaleta watu mabandani. Mtu asiyejua chochote anashika pedi, anabonya miguu tu, Eddy anazungusha sarakasi za capoeira na watu wanashangilia. Dada zetu, wajomba, mwenye banda mwenyewe, wote walianza na Eddy. Tekken 4 ikamleta Christie Monteiro na mapigo ya Eddy, na Eddy mwenyewe akawa vazi jingine la Christie. Yupo, lakini hana hadithi yake, hana nafasi yake kwenye ubao wa kuchagua. Christie sina ubaya naye. Ila mlango uliokuwa wazi kwa wageni ulifungwa nusu, na siku hizo mlango ule ulikuwa muhimu kwa banda kupata watu.

Tekken Ball nayo ikaondoka, ule mpira wa ufukweni tuliokuwa tunapigana nao jioni watu wakishachoka na mashindano. Tekken Force ilibaki, kamera ikiwa nyuma ya mgongo, unapita unapiga askari. Niliimaliza, sikutamani kuirudia.

Kilichofuata bandani ni kitu rahisi tu. Mwenye banda hakusoma makala yoyote wala kubishana na mtu. Aliona mashine ya Tekken 4 inakaa tupu huku watu wamepanga foleni kwenye Tag, akatoa CD ya Tekken 4 akaweka Tag kwenye mashine zote mbili. Ya nne ikabaki kwa mtu atakayeiomba, na walioiomba walikuwa wachache, wengi wao wakitaka kuona simulizi za mwisho. Ile ya Jin ilikuwa inaangaliwa na watu wamesimama: amemshinda babu yake, anataka kummaliza, taswira ya mama yake inamtokea, anamwacha hai. Watu walikuwa wanaipenda. Halafu wanarudi kwenye Tag.

Mkuu, kama unadhani nasema hivi kwa kuwa mimi ni mtu wa zamani, angalia walichofanya wenyewe. Tekken 5 ilitoka kumbini mwaka 2004 na PlayStation 2 mwaka 2005. Viwanja visivyo na mwisho vimerudi, na vyenye kuta vimebaki pia, vinachanganywa. Ardhi imerudi tambarare. Miguu imerudi kuwa myepesi. Mokujin karudi, Jack karudi, Anna karudi, na wengine kina Baek, Bruce, Ganryu na Wang wakafufuliwa. Yale mapigo ya Jin wa Tekken 3 niliyoyalilia wakampa Devil Jin kama mpiganaji wake mwenyewe, na Jin akaachiwa njia yake mpya, iliyopunguzwa makali. Hata Tekken za kwanza tatu za kumbini waliziweka ndani ya CD ileile. Kampuni haifanyi hayo yote kwa sababu ya kelele za watu wanaokumbuka utoto. Walijua ni kitu gani kilikosekana.

Na hapa niwe mkweli kwa upande wa pili: ukuta haukuondoka. Uko Tekken 5, 6, 7 mpaka 8, na mimi leo siwezi kufikiria Tekken bila ukuta. Tofauti ni kwamba baada ya Tekken 4 ukuta ulipewa mipaka. Ukimbamiza mtu unapata mapigo kadhaa, kisha anadondoka na anapata nafasi ya kuinuka na kujibu. Anayembeba mwenzake mpaka ukutani amefanya kazi, analipwa, halafu mchezo unaendelea. Wazo lilizaliwa Tekken 4, na sifa hiyo nitaipa daima. Sisi tuliolipa kwa mechi mwaka ule ndio tulioletewa wazo hilo kabla halijaiva.

Umeuliza pia, mwisho kabisa wa swali lako, kama uendelee nayo au uhamie nyingine. Endelea nayo kwa hadithi. Maliza ya King uone alichofanya kuhusu Marduk, maliza ya Kazuya, na maliza ya Steve. Mchukue Steve ujifunze kukwepa, utafaidi hata ukihamia Tekken 7 au 8. Lakini kama una rafiki wa kucheza naye ana kwa ana, fanyeni jaribio hili wenyewe mkimaliza hizo simulizi: mchague wapiganaji walewale, Paul kwa Law au King kwa Yoshimitsu, mcheze mechi kadhaa kwenye Tekken Tag, kisha muingie maegesho ya magari ya Tekken 4 na watu walewale. Kila mmoja wenu akifungwa aseme kwa sauti kilichomfunga na angefanya nini tofauti. Andikeni majibu. Kisha rudi hapa utupe matokeo, na kama nimekosea kuhusu ukuta nitayasoma kwa makini, maana kuna wadau humu walioicheza kwa ushindani Mombasa na Nairobi na ningependa wao pia waseme walichokiona huko.